Kondoo wa Mechi ya Marudio

Hadithi hii aliisimulia kwanza Mwalimu Shekiondo mwenyewe, Desemba 1979, kwenye harusi ya bintiye, na tangu hapo haijaongezwa wala kupunguzwa, ila habari za mwisho tu.

Hapo zamani, shule tatu za milima ya Usambara ziligombea nafasi moja ya kwenda kucheza mkoani: Mlimani, Bondeni na Sokoni. Uwanja ulikuwa mmoja, pale Sokoni, na kila siku ya gulio wauzaji waliutandazia kabichi toka goli hadi goli. Sheria nayo ilikuwa moja: timu isicheze siku mbili mfululizo.

Katibu wa mashindano, Mwalimu Shekiondo, akapanga ratiba. Jumatatu, Sokoni na Bondeni. Jumatano, Bondeni na Mlimani. Ijumaa, Mlimani na Sokoni. Gulio lilikuja kila siku ya tano. Yeye akalihesabia Jumamosi. Alhamisi asubuhi wauzaji wakamwuliza, "Mwalimu, kesho ni gulio. Vijana watacheza juu ya kabichi?" Akababaika, akaileta mechi jioni ile ile.

Sokoni walikuwa wametoka sare na Bondeni. Mlimani walikuwa wamewafunga Bondeni jana yake tu, na sasa wakashuka tena kwa miguu, mwendo wa saa tatu. Kipindi cha pili miguu ikawaishia. Hoza, nahodha wa Sokoni, akafunga. Moja bila. Enzi hizo ushindi ulikuwa pointi mbili, basi Sokoni wakafuzu kwa pointi tatu dhidi ya mbili, na Mlimani wakapanda mlima kurudi kwao.

Mwalimu alipofungua kitabu cha sheria, chakula kilimshinda. Ijumaa alfajiri alikuwa kwa mwenyekiti wa mashindano.

"Nimekosea, mzee. Nimewachezesha Mlimani siku mbili mfululizo."

"Wamelalamika?"

"Hapana."

"Basi nyamaza! Ukatibu utakutoka."

"Na unitoke."

Mwenyekiti akaguna. "Rufaa hakuna. Mechi itarudiwa iwapo Sokoni watakubali wenyewe, tena kesho asubuhi. Saa nane majina yanakwenda mkoani."

Mwalimu akaenda kwa Hoza. Wenzake wakapiga kelele: "Nahodha, usikubali! Nafasi iko mfukoni!"

Hoza akasema, "Beki wao alinikimbiza huku anachechemea. Goli lile hata bibi yangu angefunga. Turudie."

Mwalimu akaenda kwa Bi Zahabu, mkubwa wa wauza kabichi. Desturi yao ilikuwa kuondoka jioni na kuacha vigingi vya vibanda na majani uwanjani kwa siku mbili.

"Bi Zahabu, nautaka uwanja kesho asubuhi."

"Hesabu zimekushinda wewe, nifagie mimi?" Kisha akapiga makofi. "Jamani, haondoki mtu!"

Wanawake arobaini wakang'oa vigingi, wakafagia goli hadi goli. Mwalimu akapanda mwenyewe kuwapa Mlimani habari.

Jumamosi Mlimani walicheza kwa miguu iliyopumzika. Mbili kwa moja, wakafuzu wao. Mwalimu akaketi kwenye nyasi, akashusha pumzi, akaomba kiazi cha kuchoma, akakila na maganda yake.

Mkuu wa shule ya Mlimani akaja na kondoo dume. "Ni mmoja, ni wa kufuga, hagawanywi. Ni wa aliyeturudishia haki yetu."

Mwalimu akasema, "Bila mimi kusema, nani angejua? Nimesema, na ukatibu nimeupoteza."

"Kosa si lako mwenyewe?" akasema Bi Zahabu. "Nikikumwagia uji, nikufute, unilipe?"

Watu wakacheka. Hoza akasema, "Mimi nilikuwa nimeshafuzu. Kosa halikuwa langu, na safari nimeikosa kwa kukubali."

"Umeikosa kwa kufungwa!" akadakia kijana wa Mlimani.

"Na mngefungana wapi?" akasema Bi Zahabu. "Mwalimu alikuwa anatengeneza lake. Hoza alikuwa anataka sifa ya kushinda vizuri. Sisi hatuna mtoto kwenye timu yoyote, na tumefika majumbani watoto wamelala na njaa."

Mkuu wa shule akabaki ameshika kamba, akiwatazama mmoja mmoja.

Mwalimu Shekiondo alifariki mwaka 1998, Bi Zahabu mwaka 2006. Hoza yu hai, analima viazi, na ukimwuliza habari ya kondoo hukurudishia swali: wewe ungeshika kamba ile, ungemkabidhi nani? Je, nani alistahili?