Kibonyeo cha Mama Pimbi

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni mpaka magoti yagusane. Mwenye karanga mdomoni ameze. Kimya! Nataka nisikie hata sisimizi akipita.

Hapo zamani za kale, Pimbi alizaliwa kwenye jabali lenye pango. Juu ya jabali palikuwa na kibonyeo, pamebonyea kwa mama yake kulalia tumbo hapo kila asubuhi, akiota jua. Hapo ndipo mama alipomfundisha: "Mwanangu, kabla ya kazi nyoosha mgongo. Lakini ubembeleze."

Mama alipofariki, Fisi akaja. "Toka! Pango langu hili!"

Pimbi na udogo ule angefanya nini? Akahamia kichakani, kwenye umande. Kila jua likichomoza alikitazama kile kibonyeo kwa mbali, tumbo baridi, roho ikimwenda kwa mama.

Siku moja akasikia, "Uuuwi! Uuuwi!" Ni Fisi. Mlango wa pango mfupi, na yeye kutwa amejikunja mle akiguguna mifupa. Mgongo umekaza kama gogo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba ya nini! Huoni nakufa?"

"Hufi. Mgongo umekaza tu. Mama alikuwa na dawa yake."

"Ilete upesi, we kijipanya!"

"Hailetwi, mjomba, inafanywa. Na haitaki upesi."

Pimbi alimjua huyo. Hata mchuzi Fisi hakungoja upoe. Kila siku ulimi umeungua.

"Toka nje kwanza, humo utagonga dari. Tembea mwili upate joto, mwili baridi haupindwi."

Fisi akatembea, chechechee, chechechee.

"Haya, lala kifudifudi. Viganja kando ya mbavu. Vuta pumzi, uinue kifua kidogo tu, kitovu kibaki chini. Shingo usiitupe nyuma. Ukisikia maumivu, shuka."

"Hhhuuu!" Fisi akainua kifua. Akashuka. Akapepesa macho.

"Ala! Mbona kifua kimefunguka? Pumzi inapita kama upepo dirishani!"

"Ndiyo kazi yake. Fanya kidogo kila asubuhi. Mwezi ukiandama tena, mgongo utakuwa umelegea."

"Mwezi mzima?"

"Mama alifanya maisha yake yote."

"Mama yako alikuwa mvivu! Mimi namaliza leo leo."

Neno hilo lilimchoma Pimbi, lakini akasema, "Mjomba, nakuonya. Usijilazimishe."

"Nyamaza! Unanionea wivu!"

Akamwonya tena, na tena. Na alijua, wajukuu zangu, alijua vizuri: Fisi ukimkataza, ndipo umemtuma.

Fisi akasukuma mikono, akatupa shingo nyuma, akajipinda kwa nguvu zake zote. Krak! Mabega yakabaki juu, kiuno kikabaki chini.

"Uuuwi! Nikalale mie!" Akalikimbilia pango. Ngo! Mabega yakagonga juu ya mlango. Akajaribu kinyumenyume. Ngo! Hayainami tena, hayaingii.

"Pimbi! Umenidanganya!"

"Nimekufundisha kweli tupu, mjomba. Nilikuficha kimoja tu: nilijua hutangoja."

Fisi akashika njia ya nyikani, akilia. Pimbi akapanda jabali, mdogo mdogo, akajilaza kwenye kibonyeo. Zamani alikuwa akijibanza pembeni, ubavuni mwa mama, maana kilikuwa kikubwa mno. Leo kilimwenea sawasawa. Akalia. Kisha akavuta pumzi, akainua kifua kuelekea jua, polepole, kama alivyofunzwa.

Fisi na ukoo wake wakarithi mgongo wa mteremko na kile kilio chao. Pimbi na wanawe wakarithi jabali, na jua la asubuhi kabla ya kazi yoyote.

Mgongo hubembelezwa, wanangu, haulazimishwi.