Ngiri Alivyojifungia Shimoni Akitafuta Nguvu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika na kutandika vitanda kama sisi, aliishi Sange, mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu. Jirani yake alikuwa Ngiri, mwenye kifua kama pipa.

Sange alikuwa haishiwi nguvu. Alfajiri huyo anafagia njia, fya, fya, fya! Mchana huyo anakimbilia kisimani, tipu, tipu, tipu! Kila aliyepita alimsifu.

Na kila sifa ilimwasha Ngiri kama upupu.

"Hata wewe unamsifu?" alimfokea mkewe.

"Nimesema tu kwamba hachoki," mkewe akajibu. "Wewe umelala tangu asubuhi."

Lo! Siku hiyo Ngiri hakuonja hata tonge. Alikwenda kwa Sange, akapiga teke mlango, puu!

"Kijitu kama wewe, nguvu unazitoa wapi? Sema, la sivyo naibomoa nyumba, watoto wako wamo humo humo!"

Sange akafikiri upesi.

"Usibomoe, kaka Ngiri. Hebu pulizia mguu wako. Unasikia nini?"

"Joto."

"Basi hizo ndizo nguvu za chakula zinakutoka! Chukua chungu changu cha kumbikumbi, ingia shimoni kwako, ziba mlango kwa udongo, usiache hata tundu. Kula humo. Hazitapotea."

Ngiri akanyakua chungu, akaenda kujifungia. Akala, nyamu nyamu, mpaka akashiba. Akangoja nguvu.

Zikaja? Thubutu! Shimo likajaa joto, kuta zikalowa. Kichwa kikamzunguka, miguu ikalegea.

"Sange! Nakufa huku!"

"Utaacha kututisha mimi na wanangu?" akauliza Sange, aliyekuwa akingoja nje ya shimo.

"Naapa! Fungua!"

Sange akafukua, paru, paru, paru! Hewa ikaingia, fuuu! Ngiri akatambaa nje mbele ya mkewe, akitweta.

"Umenidanganya! Nimeshiba, na nguvu sina!"

"Chakula ni kuni tu, kaka. Huwaka polepole kila mahali mwilini, ndipo nguvu zinapotoka, lakini kuni haziwaki bila hewa safi. Humo umeimaliza, ukabaki na ile chafu uliyoitoa mwenyewe."

"Na siri yako?"

"Siri hamna. Nakula, napumua, kama wewe. Zako unazilalia."

Mke wa Ngiri akaangua kicheko. Wivu ulikuwa ungali unamchoma Ngiri, ila pumzi ya kubishana hakuwa nayo. Sange akajitwika chungu chake, akarudi kwa wanawe.

Basi wanangu, wivu humfanya mtu autolee macho mwili wa jirani, akasahau kuutumia wake.