Mjukuu wa Madoa na Milia

Hapo zamani za kale, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzako usikilize, fisi walikuwa na nyumba, na vyungu, na wakwe. Waliposa na kuoza mabinti kama sisi.

Kulikuwa na koo mbili. Ukoo wa kwanza ni fisi wa madoa, wakubwa, wenye mataya ya kuvunja mfupa wa nyati, kwa! kwa! kwa! Mkuu wao alikuwa Bi Nyamizi, maana kwa fisi wa madoa wanawake ndio wanaotawala. Ukoo wa pili ni fisi wadogo wa milia, wembamba, wenye vijino kama punje za mtama. Hawa chakula chao ni mchwa. Wanatoa ulimi, lapu-lapu-lapu, wameshiba, wanakwenda zao.

Mwaka mmoja jua liliwaka mpaka majani yakaisha na wanyama wakahama. Ndipo Bi Nyamizi alipobisha hodi kwa Kalunde, mama wa fisi wadogo. Nyuma yake alikuja mwanawe Lugendo, kichwa chini.

"Mdogo wangu," alisema Bi Nyamizi, akijibwaga mkekani mpaka mkeka ukalia kraa, "nimekuja kuposa. Lugendo wangu amwoe Kabula wako."

Kalunde nusura aangushe kata ya maji. "Waoane, dada?"

"Tazama. Ukame ukija nyama inahama, sisi tunalala njaa. Mchwa wenu hawahami. Sasa mjukuu wetu atakuwa na mataya yangu na ulimi wako. Asubuhi anavunja mfupa, jioni analamba mchwa. Njaa itampatia wapi huyo?"

"Lakini dada, miili yetu si..."

"Sisi ni ndugu. Masikio ni haya haya, mgongo ni huu huu ulioteremka. Au unataka kuniambia mwanangu hafai?"

Swali kama hilo, likiulizwa na mwenye mataya kama yale, halijibiwi hapana.

Lugendo akajikuna sikio. "Mama, mimi na Kabula huwa tunacheza tu."

"Nyamaza, wakubwa tunaongea. Mdogo wangu, kesho kutwa nakuja kumchukua bibi harusi."

Wageni walipoondoka, Kabula alilia. "Mama, kule kwao kuna mifupa tu. Nitakula nini? Na hao watoto anaowataka nitawatoa wapi?"

Kalunde alimpangusa machozi. Kupigana hawezi, kukimbia na watoto hawezi. Alimpenda dada yake yule mkubwa, tena sana, ila kumpenda Bi Nyamizi ni jambo moja na kumfanya asikilize ni jambo jingine. Akatazama mtungini. Kitinda mimba wake, Shija, alikuwa anachezea tope pale chini, na tope limemrukia ubavuni, doa hapa, doa pale, juu ya milia yake.

Kalunde akasimama. Shija alikuwa hajawahi kutolewa ndani mbele ya wageni. Bi Nyamizi hakumjua.

"Shija, mama, unaweza kushinda na njaa siku moja kwa ajili ya dada yako?"

"Siku nzima?"

"Siku nzima. Na ukiona mchwa, unafumba mdomo."

Shija alifikiri. "Hata wakiwa wanono?"

"Hata wakiwa wanono."

"Haya," akasema, ila kwa shida.

Asubuhi Kalunde alimpaka madoa ya tope vizuri, akamkausha juani, wakaenda kwa Bi Nyamizi.

"Dada, kabla ya harusi nimekuletea kitu cha kukufurahisha. Ng'ambo ya vilima binamu yangu aliolewa na fisi wa madoa. Wamezaa huyu. Nimemwazima umwone, ujue mjukuu wako atakavyokuwa."

Bi Nyamizi akamzunguka Shija, akacheka kile kicheko chao, hi-hi-hiii. "Madoa na milia! Sikusema mimi? Mpeni mfupa."

Shija akauma mfupa. Ti! Jino likateleza. Akauma tena. Ti!

"Mpeni mlaini zaidi."

Ule mlaini nao ukamshinda. Wakaleta kigogo kimejaa mchwa. Mchwa wakatoka, weupe, wanono. Masikini Shija! Tumbo likanguruma, machozi yakamlengalenga, lakini mdomo ameufumba. Kalunde aligeuka akatazama kando.

"Mbona halambi?" aliuliza Bi Nyamizi.

"Ulimi haufiki, dada. Alipata nusu ya meno yenu na nusu ya ulimi wetu. Nusu haivunji mfupa, na nusu hainasi mchwa."

"Si atakua?"

"Atakua. Ila kuzaa ndiyo sijui. Muulize punda aliyezaa na farasi. Mtoto ana nguvu, anabeba magunia, lakini umewahi kusikia naye amepata wa kwake?"

Mchana Shija akaanza kulia, si kwa kufundishwa tena, kwa njaa yenyewe. Bi Nyamizi akamvuta mapajani akambembeleza. Ukame uliopita ulimchukulia watoto wawili. Mmoja alilia hivi hivi, kidogo kidogo, mpaka akaacha. Hilo ndilo lililompeleka kuposa, wala hakuwahi kumwambia mtu.

"Nimebadili mawazo," alisema mbele ya ukoo mzima. "Nilitaka mjukuu asiyeijua njaa. Sasa nimlete duniani mtoto wa kulia katikati ya vyungu viwili vilivyojaa? Posa nimeivunja mwenyewe. Mtu asinihoji."

Lugendo alipumua kwa nguvu mpaka wakamgeukia.

Kalunde angeondoka hapo hapo mambo yangekuwa yameisha. Lakini Bi Nyamizi, kama mama yeyote, akamlamba mtoto ili alale. Mara moja. Mara ya pili. Akatema kitu. Akatazama ubavu wa Shija. Doa limetoka, na chini yake mlia mweusi umekaa safi.

Kalunde akamsogelea mtoto.

"Huyu anaitwa nani?" aliuliza Bi Nyamizi kwa sauti ya chini.

"Shija."

"Wa nani?"

"Wangu, dada."

"Umemshindisha mwanao na njaa ili unidanganye mimi?"

"Ndiyo. Ulipokuja kwangu nilitaka kukwambia ukweli, dada, ukanikata maneno. Nikaogopa utamchukua Kabula, afe huko kwa mifupa yenu huku unasubiri wajukuu ambao mwili wake hauwezi kukupa."

Bi Nyamizi alimtazama Shija, aliyekuwa ananyonya kidole huku akilia. Angeweza kufungua mataya yale. Hakuna ambaye angemzuia. Badala yake akamnyanyua mtoto akamweka mgongoni.

"Twende," akasema.

Aliwapeleka hadi kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya boma lake, kigumu kwa jua, ambacho kucha za fisi wadogo zisingekitoboa hata wangekwangua mpaka masika. Akakirukia kwa miguu ya mbele. Pu! Pu! Kikapasuka, mchwa wakamwagika.

"Kula, mwanangu. Kula mpaka uchoke."

Shija akamtazama mama yake. Kalunde akaitikia kwa kichwa. Lapu-lapu-lapu! Bi Nyamizi alichutama pembeni, vumbi limemjaa usoni, akimwangalia mtoto anavyoshiba, na kila mchwa walipopungua alikipiga kichuguu tena.

Na funzo lake ni hili, wanangu: undugu unatosha kuwa undugu, usiulazimishe uwe kitu kingine.