Kidari cha Mbuzi wa Aika

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali maana mbuzi wa hadithi hii nilimla mimi mwenyewe, kule migombani kwenye mteremko wa Kilimanjaro alizaliwa mtoto mtulivu kupita kiasi. Akaitwa Aika. Halii, hasumbui, ananyonya kidogo na kulala. Wageni waliokuja kumpongeza mzazi wakasema huyu kafunzwa adabu tangu tumboni. Baba yake, Elirehema, akavimba kichwa.

Bibi Anasia, mama yake Elirehema, ndiye pekee ambaye hakusifu. Alimtazama mjukuu akinyonya, akaona jasho kwenye paji la uso na ulimi wenye rangi ya zambarau. Akaweka chini bakuli la mtori wa ndizi, akawaambia wageni waendelee kula, akamfunga mtoto kifuani na kwenda kusimamisha gari barabarani. Elirehema akamfuata akilalamika kwamba mama anamwaibisha mbele ya watu. Bibi hakugeuka.

Katika hospitali kubwa wakamkuta Daktari Kokushubila, mpasuaji wa moyo, mwanamke wa Bukoba asiye na maneno mengi. Akasema mishipa mikubwa ya moyo imepishana, kwa hiyo damu yenye hewa safi haifiki mwilini inavyotakiwa. Akafungua kifua, akashika moyo mdogo kama ndimu, akairudisha mishipa mahali pake. Ulimi ukawa mwekundu. Mama mtu akalia kwa furaha, Elirehema naye akalia, ingawa mpaka leo anasema lilikuwa vumbi.

"Moyo nimemaliza," daktari akawaambia. "Lakini tangu tumboni ubongo wake umekuwa ukipata hewa kidogo. Zile njia za ndani, za sehemu moja kupelekea nyingine habari, zimechelewa kuungana. Huko kisu changu hakifiki. Mbebeni, mchezesheni, msemesheni."

Haya, nani ataweza kupiga soga na mtoto asiyejibu? Elirehema alijaribu, akaishiwa maneno kabla chai haijapoa. Kwa uchungu akaweka nadhiri: siku mtoto huyu atakapobishana naye, atachinja mbuzi, na kidari, ile nyama ya kifuani, atampa aliyemfikisha hapo. Katika boma lile kidari ni heshima. Hupewa mtu mmoja, naye hukipokea mbele ya wote. Ukikikata vipande, imebaki nyama tu.

Ndipo akaingia shangazi Ndeshi, dada yake Elirehema. Mdomo wake haukuwa na breki. Kwenye harusi walimkalisha karibu na spika ili asisikike. Akambeba Aika mgongoni na kumsimulia kila kitu: nani kanuniana na nani kwenye kwaya, ng'ombe wa nani kala mahindi ya nani. Mtoto akiguna, shangazi anasema, "Hata mimi nilishangaa." Wenzake wakatambaa, Aika kakaa tu. Wenzake wakatamka, Aika anatazama tu. Watu wakamwambia Ndeshi anajichosha bure. Akawaongeza wao kwenye masimulizi.

Miaka ikaenda. Asubuhi moja Elirehema akampelekea Aika uji, naye akausukuma.

"Sitaki. Shangazi kasema uji wako wa kubandikia matangazo."

Elirehema aliruka hadi zizini, kijiko kingali mkononi.

Sherehe ikafana. Nyama ikaiva, kidari kikawekwa kwenye jani la mgomba, Elirehema akakinyanyua kwa mikono miwili. Hapo shughuli ikaanza.

Bibi Anasia akasimama. "Bila jicho langu mngemsifu upole mpaka kaburini. Lete hapa, mwanangu."

Daktari alikuwa amealikwa. Hakujua kidari ni nini kwa watu wale, alikuwa akila ndizi zake. Alipoelezwa, akafuta mikono. "Bibi aliona, nakubali. Lakini kuona hakupangi mishipa. Bila mkono wangu, nani angesemeshwa?"

Ikafika zamu ya Ndeshi. Watu wakajiegemeza vizuri, wakijua watakaa hapo mpaka jua lizame. Ndeshi akasema maneno machache kuliko yote ya maisha yake. "Mlirudi na mtoto anayepumua. Anayebisha nimemleta mimi."

Mama mzazi akaulizwa, akacheka, akasema yeye zawadi yake kaipakata.

Basi ile zawadi ikateremka mapajani. Aika akamwendea baba yake, akashusha shingo ya gauni mpaka kovu likaonekana.

"Baba, aliyekatwa ni mimi. Na shangazi nimemsikiliza mimi, yote. Nipe."

Elirehema akamwambia watoto hawapewi kidari. Aika akamuuliza nani kasema. Wakabishana pale mbele ya watu, baba na binti, na uso wa Elirehema uling'aa kwa furaha huku mafuta yakimchuruzika hadi viwikoni na kidari kikipoa.

Mimi nilikuwepo na nilishindwa kuamua. Haya, ninyi mlioshiba: jicho, mkono, mdomo, au mwenye moyo wake? Je, nani alistahili kidari?