Kocha Kalunguyeye na Bao la Pili

Paukwa!
Pakawa!
Mpira una nini?
Una mwenyewe!
Na kivuli je?
Kina mwenyewe!
Haya, kila mtu akalie chake, msinisumbue.

Hapo kale Chui alikuwa na timu ya mpira, na kamari ya mpira ilikuwa yake pia. Mkimwona mwenye timu ndiye mwenye kamari, shikeni viatu mkononi mkimbie. Wanyama hawakukimbia. Walibeti, tena si mahindi wala kuku. Walibeti vivuli vyao.

Ukikosa, Chui anakuja, anainama miguuni pako, anakilamba kivuli chako pale chini. Lwap! Lwap! Lwap! Kinaingia mwilini mwake, kinatokeza doa jeusi kwenye ngozi.

Siku ya kwanza unapoteza sauti. Siku ya pili unapoteza harufu. Siku ya tatu, jua likizama, unapoteza jina, na mwanao wa kumzaa anakukanyaga asijue amekanyaga nini.

Sasa kulikuwa na Kalunguyeye, yule mdogo wa miiba, kocha wa timu ya Chui. Mama yake alibeti akakosa. Mjinga, ndiyo, lakini mama ni mama. Siku yake ya tatu ikaangukia siku ya mechi na timu ya Ngiri.

Asubuhi Kalunguyeye akamwendea Chui.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Leo mnashinda?"

"Tunashinda."

"Usiposhinda nitakutafuna. Ukishinda sikugusi. Nimeapa mbele ya wote, kwa kaburi la baba yangu."

"Najua, Bwana Mkubwa. Ila beti yako inanitia huruma. Unasema tutashinda tu. Nani atakubishia? Sema tutashinda kwa mabao mawili, uone wabishi watakavyojaa. Yakipatikana, unawalamba wote."

"Yasipopatikana?"

"Unatapika vyote ulivyomeza. Lakini Pongo mshambuliaji si unaye? Nani atamshika Pongo?"

Chui akacheka. Madoa yake hayakucheka, yalijikunyata.

"Mabao mawili!" akatangaza. Nyani akabisha. Digidigi akabisha. Kanga akabisha. Chui akalamba midomo.

Mechi ikaanza jua la utosi, vivuli vimejificha chini ya nyayo. Ilikuwa iishe kivuli cha goli kikigusa duara la kati. Nusu ya watazamaji walishalambwa. Walishangilia midomo wazi, kimya kabisa, wakirukaruka bila kutimua vumbi.

Pongo akakimbia. Ti-ti-ti-ti! Akapiga. Puu! Bao.

"Ongeza!" akanguruma Chui. Kivuli cha goli kikatambaa.

Pongo akakimbia. Ti-ti-ti-ti! Akapiga. Puu! Mwamba.

"Ongeza!" Kivuli kikatambaa.

Kalunguyeye akageuka kumtazama mama yake. Amekuwa kama moshi wa jiko la jirani, majani ya nyuma yake yanaonekana. Akataka kumwita jina. Jina likachelewa kuja.

Akainuka. "Refa! Mabadiliko!"

Korongo, ndiye refa, akapuliza. Piiii!

"Anatoka Pongo. Anaingia Kobe."

Chui akaruka juu. "We! Pongo unamtoa kwa nini?"

"Kachoka, Bwana Mkubwa."

"Hajatoka hata jasho!"

"Kuna mechi Jumapili, namtunza. Tunalinda ushindi wako."

"Kobe atanifungia bao?"

"Kobe ana uzoefu."

Kobe akaingia. Kwata... kwata... kwata... Korongo akamsubiri, sheria ni sheria. Dakika za nyongeza? Enzi hizo zilikuwa hazijazaliwa. Kobe akafika. Akapewa mpira, akausukuma hadi kwenye kibendera cha kona, akaulalia, akaingiza kichwa ndani. Ngiri wakamsukuma. Wakamsukuma tena. Kobe ni Kobe.

Piiii! Kivuli kimegusa duara.

"Bao moja!" akanguruma Chui.

"Tumeshinda, Bwana Mkubwa. La muhimu ni pointi tatu."

"Tulisema mawili!"

"Mawili ulitangaza wewe. Mimi niliahidi ushindi. Niguse basi, na kaburi la baba yako linasikia."

Chui akainua kucha, akazishusha. Tumbo likaanza. Gulu-gulu-gulu! Vivuli vikamtoka mdomoni, vikatambaa kwenye majani, kila kimoja kikitafuta miguu yake. Cha mama kikampanda nyayoni. Akakohoa, sauti ikarudi.

"Hiyo mechi ya Jumapili," mama akauliza, "ni na nani?"

Lakini si vyote vilivyotoka. Vingine vilichungulia nje, vikatafuta wenyewe, wenyewe hawapo tena, na hakuna aliyekumbuka majina ya kuwaita. Vikarudi ndani. Ndiyo madoa mnayoyaona. Chui hutembea taratibu, kichwa chini, kwa sababu usiku na mchana vinanong'onezana ubavuni mwake.

Hadithi nimeitua hapo, atakayeibeba aongeze uongo wake. Na funzo ni hili: msicheze kamari, wajukuu zangu, ni upumbavu mtupu. Ila kocha akiwa shemeji yako, usile peke yako.