Viazi vya Kumuaga Kocha Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walicheza mpira wa kikapu, tena kwa ligi kamili, wakati babu zetu hata kudundisha mpira hawajui. Usicheke wewe wa nyuma, sikiliza.

Timu ya Wakubwa ilikuwa na Tembo, Kifaru, Twiga, Nyati na Kiboko. Kocha wao tangu utotoni alikuwa Nguchiro, kanyama kadogo kanakopita chini ya mlango uliofungwa. Aliwapenda kama wanawe. Ila walikuwa na ugonjwa mmoja: mmoja akishaushika mpira, hautoi. Tembo ataukumbatia, Kifaru atakimbia nao kichwa chini, Twiga atauinua juu kabisa ajisifu. Nguchiro akisema, "Toeni pasi," wanaitikia, "Ndiyo, kocha," halafu wanarudia yaleyale.

Mwaka huo ligi haikuwa ya kujifurahisha. Kiangazi kilikuwa kikali, kisima kimebaki kimoja, na ilishakubaliwa kuwa timu bingwa na jamaa zake ndio watakaokunywa kwanza. Kufika katikati ya ligi, Wakubwa walikuwa wameshafungwa na timu ya Nyani, wakafungwa tena. Wakiendelea hivyo, watoto wao watakunywa tope mpaka mvua zije, na watoto wa Nguchiro pamoja nao.

Asubuhi moja Nguchiro akafika uwanjani, akavua filimbi shingoni.

"Wanangu, naacha kazi."

Kiboko akasahau kufunga mdomo.

"Katikati ya ligi?" Tembo akauliza. "Tumekukosea nini, kocha?"

"Sina ugomvi na mtu. Nipikieni chakula cha kuaga, niende zangu."

Sasa, huko kwao kulikuwa na mila. Anayeaga hakatazwi, anapikiwa. Na kila anachokula lazima kipite mikononi mwa wote aliofanya nao kazi, ndipo kimfikie. Kikianguka, ni mkosi kwa nyumba zote. Na akishakula, kazi ile hairudii tena.

"Utakula nini?" Nyati akauliza, machozi yakimlengalenga.

"Viazi vitamu vya kuchoma. Tena vya moto. Vilivyopoa sili."

Wakachoma. Nguchiro akawatawanya uwanja mzima, mmoja huku, mwingine kule, mwenyewe akasimama chini ya goli. Tembo akachomoa kiazi cha kwanza majivuni.

"Chwii! Mama wee!" Akamrushia Kifaru.

Kifaru akapuliza, fu, fu, akamtupia Nyati. Nyati kwa Kiboko, Kiboko kwa Twiga, Twiga kwa Nguchiro, hap, mdomoni!

"Kitamu," akasema. "Leteni kingine. Nimehamia huku, mnatazama wapi?"

Chap, chap, chap. Kiazi kikirushwa, kingine kinafuata. Twiga akaanza kuita, "Nipe mimi, niko peke yangu." Kifaru, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumpa mtu kitu, akajikuta anagawa huku anacheka.

Viazi vilipokwisha, tumbo la Nguchiro lilikuwa limevimba, hata kuinama hawezi. Akapangusa mdomo, akashika njia ya nyumbani bila kugeuka, maana angegeuka angelia.

Mechi iliyofuata ilikuwa na Nyani. Mpira ukamfikia Tembo, na kabla hajawaza, mkono ukautoa wenyewe. Chap kwa Kifaru, chap kwa Nyati, chap kwa Twiga, ndani! Nyani wakazungushwa mpaka wakaona kizunguzungu. Wakubwa wakashinda siku hiyo, wakashinda na mechi zilizobaki, na kisima kikawa chao.

Wakaenda mbio mpaka mlangoni kwa Nguchiro.

"Kocha, umetuchezea akili," Twiga akasema. "Vile viazi havikuwa vya kuaga."

"Vilikuwa vya kuaga, na nimevila. Sirudi."

"Si ungetufundisha tu, ukabaki na sisi?" Tembo akauliza, analia waziwazi.

"Nimewafundisha tangu mna meno ya utotoni, mkaniitikia ndiyo, kocha. Maneno yangu mlikuwa mmeyazoea. Kilichobaki ambacho mngekipa heshima ni kuondoka kwangu, basi nikakitumia."

Akalia naye kidogo. Kisha akawafukuza waende kuwanywesha watoto kabla jua halijawa kali.

Hadithi imeishia hapo kisimani, nanyi shikeni hili: mkaidi haambiwi mara mia, huwekewa cha moto mkononi.