Kiti Kimoja cha Gari la Mikate

Hapo zamani, na si zamani ya mbali, maana watu walikuwa wameshaanza kuzikwa mbali na walikozaliwa, palikuwa na mwanamke wa Tarime aitwaye Wegesa. Alihamia Kanada na mumewe Nyamhanga, katika mji mmoja wa tambarare, ambako mtu akitazama mbele haoni kilima, anaona mbingu tu. Mungu hakuwajalia mtoto. Walikuwa na gari dogo la kusambazia mikate. Mbele lilikuwa na viti viwili, cha dereva na cha mwenzake. Nyuma ni mashubaka ya mikate tu, na sheria ya huko inakataza mtu kukaa nyuma.

Kila alfajiri Nyamhanga aliendesha, Wegesa akakaa kando yake. Wakifika dukani, anashuka na trei.

Nyamhanga alikuwa akimwambia, "Jifunze kuendesha, mke wangu."

Wegesa anajibu, "Wewe si upo?"

Mwaka unapita. Jifunze, mke wangu. Wewe si upo? Mwaka mwingine unapita. Ikawa miaka sita.

Alfajiri moja ya mwezi wa kumi, kifua kilimbana Nyamhanga barabarani. Akaegesha gari pembeni, vizuri kabisa, akawasha taa za hatari, akavuta breki ya mkono. Akamwambia mkewe, "Shika wewe." Bango la hospitali lilikuwa linaonekana pale mbele. Injini ilikuwa inanguruma. Wegesa hakujua hata pa kuanzia. Akashuka, akakimbia barabarani akipunga kitenge. Gari la kwanza likapita. La pili likapita. La tatu likasimama, lakini Nyamhanga hakulingoja. Bwana alikuwa amekwisha kumwita.

Walimzika kwenye makaburi ya kanisa, kilomita arobaini nje ya mji, njia ya changarawe. Basi haliendi huko, na teksi haitaki. Watu wa kanisa walikuja kumwambia, "Mama, twende tukupeleke." Wegesa akawashukuru, akakataa.

"Nimepelekwa miaka sita," alisema. "Kwa Nyamhanga nitajipeleka."

Wiki ya saba baada ya mazishi aliingia wifi yake, Ghati, dada wa Nyamhanga. Viza ilikuwa imemchelewesha, hakuwahi kumwona kaka yake hata kwenye jeneza. Alikuja na hasira yake nzima, akaitua mezani kabla hajatua begi.

"Miaka sita umekaa kando ya dereva, wifi. Miaka sita! Hata mbuzi akipanda gari miaka sita atajua breki iko wapi."

Wegesa akampokea begi. Alikuwa amekwisha kujiambia maneno hayo mara nyingi, na mabaya kuliko hayo.

Jumapili ile ile, wakati wa ushuhuda, alisimama kanisani. Alisema polepole, kwa Kiswahili, maana nusu ya ibada ile ni ya watu wanaozungumza Kiswahili, wa kutoka huku na huku. Alisema, "Ndugu zangu, nataka kujifunza kuendesha. Sina cha kumlipa mtu. Lakini atakayenifikisha kwenye usukani, siku ya kwanza nikienda kaburini kwa mume wangu, ndiye atakayekaa kando yangu. Kiti ni kimoja."

Atakayenifikisha. Ndivyo alivyosema, na watu wote walisikia. Hakusema watakaonifikisha. Lishikeni neno hilo.

Gari lilikuwa limesimama nyuma ya nyumba tangu siku ya msiba. Wegesa akilikaribia, anarudi nyuma. Akigusa mlango, mkono unarudi wenyewe. Ghati alimwona dirishani, akatoka na shali yake.

"Unaogopa nini? Gari halikumuua. Twende tukakae tu."

Akazunguka kwenda mlango wa kushoto, kama abiria wa kwetu, akaufungua, akajitupa ndani. Akajikuta ameshikana na usukani. Ndiyo Kanada hiyo, dereva anakaa kushoto. Kiti kilikuwa bado kimesogezwa nyuma kwa miguu mirefu ya kaka yake.

"Haya," akasema, "leo nimekuwa dereva. Ingia huko kwako."

Wegesa akaingia. Wakakaa, injini imezimwa, pumzi zao zinafanya ukungu kwenye kioo. Kesho yake wakakaa tena. Kesho kutwa wakakaa tena. Majira yote ya baridi, kila asubuhi kabla ya chai, wanawake wawili walikaa ndani ya gari lisilokwenda. Mara nyingine walisali. Mara nyingine Ghati alimsimulia Nyamhanga alipokuwa mdogo, alivyoanguka kisimani akatoka amekasirika kama aliyesukumwa. Siku ambazo Wegesa alilia, Ghati hakumwambia nyamaza. Na lile neno la mbuzi hakulirudia.

Ikawa siku moja mwezi wa tatu Ghati akasema, "Mgongo unaniuma na kiti hiki. Tubadilishane." Wakabadilishana. Wegesa akavuta kiti mbele mpaka miguu ikafika. Hakufa. Huyo ni Ghati.

Lakini nchi ile hushiki usukani bila karatasi, na karatasi hupewi bila mtihani wa kitabu. Maswali thelathini, Kiingereza kitupu, kwenye kompyuta. Wegesa alikuwa amesoma mpaka darasa la saba. Akaenda, akafeli. Akaenda tena, akafeli.

Hapo ndipo alipokuja Mkamburi, binti wa Kitaita kutoka Voi, aliyekuwa akihudumia wazee usiku kwenye nyumba yao ya kutunzwa. Kila akitoka kazini alipitia kwa Wegesa, macho mekundu kwa usingizi, akafungua kitabu.

"Mama, ukikuta basi la shule limewasha taa nyekundu?"

"Nalipita polepole."

"Umeua mtoto wa watu! Unasimama, Mama. Hata kama uko upande wa pili, unasimama." Akafungua ukurasa mwingine. "Nchi hii tunashika upande gani?"

"Kulia."

Ghati akadakia kutoka jikoni, "Basi wifi amefaulu. Tangu nije amefanya nini kingine?"

Walicheka wote watatu, na ilikuwa mara ya kwanza nyumba ile kusikia kicheko tangu mwezi wa kumi.

Siku nyingine Mkamburi alilala katikati ya swali, shavu juu ya picha ya taa za barabarani. Wegesa alimfunika kanga, akaendelea kusoma peke yake kwa kidole. Mara ya tatu akafeli kwa swali moja. Mara ya nne akafaulu, akapewa karatasi ya mwanafunzi. Huyo ni Mkamburi.

Karatasi nayo haiendeshi gari. Mwanafunzi hana ruhusa ya kutoka bila mwenye leseni kando yake. Akajitokeza Mzee Wilondja, Mkongo wa Fizi, aliyekuwa dereva wa malori kwao kabla vita havijamtoa. Jumapili zote za kiangazi, baada ya ibada, alimpeleka Wegesa kwenye uwanja wa duka kubwa lililofungwa.

"Kamata kuume, Mama."

"Kuume ndiyo wapi, Mzee?"

"Mkono wa mume! Ule mwingine ni kushoto."

Wegesa akasimamisha gari. "Kwetu tunasema kulia."

"Najua munasema hivyo," mzee akajibu. "Lakini kulia ni machozi. Mimi siwezi kumwambia mjane kila kona, kulia, kulia. Nitasema kuume."

Akawa anasema kuume.

Siku ya tano palikuwa na vitoroli vya duka vimesahauliwa pembeni ya uwanja. Gari likawa linavielekea. Mzee Wilondja akapaza sauti, "Acha, Mama! Acha!" Alitaka kusema simama. Wegesa akaacha. Aliacha usukani, mikono yote miwili juu kama anayesifu, na gari likaenda lenyewe likapanda juu ya vitoroli. Kelele yake ilitisha ndege wote wa uwanja ule.

"Nilisema acha!"

"Si nimeacha!"

Mzee alimtazama, akatazama bampa, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Kisha akashuka, akainyoosha bampa kwa goti, akarudi kitini. "Tena," alisema. Hakupaza sauti tena mpaka kiangazi kikaisha. Kutoka uwanjani wakaingia mitaani, kutoka mitaani wakaingia barabara kuu. Wakafika pale Nyamhanga alipoegesha. Mikono ya Wegesa ikaganda. Mzee akaweka mkono wake juu ya usukani, akaushika pamoja naye mpaka walipopita. Huyo ni Mzee Wilondja.

Ikaja Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja. Wegesa akafanya mtihani wa barabarani alasiri, akafaulu. Mtahini alimpa mkono, akasema maneno ambayo Wegesa hakuyasikia vizuri, maana mawazo yake yalikuwa bado barabarani. Alipofika nyumbani aliketi kitandani na koti lake, amechoka kama aliyetoka kulima ekari mbili.

Jioni redio ikatangaza theluji nyingi, inaingia usiku wa kuamkia Jumatatu. Theluji ya namna hiyo ikianguka, njia ya makaburini haipitiki mpaka Pasaka ikaribie. Ibada ya Jumapili inatoka saa saba. Kwenda na kurudi, kwa dereva wa jana, ni mwendo wa saa tatu, na jua la mwezi ule linazama saa kumi na nusu. Safari ni moja. Kiti ni kimoja.

Baada ya ibada walisimama wote wanne kando ya gari, upepo unawapiga.

Mzee Wilondja akaanza, kofia mkononi. "Mama, mimi sisemi sana. Jumanne ninapanda basi, ninaenda kukaa kwa mwanangu, mwendo wa siku mbili. Miaka yangu munaijua, sirudi tena huku. Mke wangu amelala pale pale, safu ya pili kutoka kwa mume wako. Sijamuaga; gari sina, na wenye magari wamekwisha kukimbilia makwao kwa ajili ya theluji. Ulisema atakayekufikisha kwenye usukani. Aliyekuwa kando yako ukiuzungusha ni nani? Na leo utapita tena pale mahali. Mikono ikiganda, atakayeshika ni nani?"

Mkamburi akafuata. Alisema akitazama chini. "Mzee amesema kweli. Lakini Mama, bila ile karatasi, mzee angekaa kando ya nani? Nilikuwa nikitoka kazini, sikulala, tukasoma. Mwanangu yuko pale. Alizaliwa bila pumzi, wakamzika mimi nikiwa bado wodini. Sijaliona kaburi lake. Waliotaka kunipeleka ni wanaume, nami sikutaka kulia mbele yao." Akaweka mkono tumboni. "Huyu mwingine anakuja mwezi wa pili, njia ikiwa imefungwa. Nataka nimwambie wa kwanza kabla huyu hajaja. Nisije nikaonekana nimembadilisha."

Ghati alikuwa bado hajasema, jambo lisilo la kawaida yake.

"Nipakieni nyuma, mahali pa mikate," akasema mwishowe. "Kama gunia la dagaa."

"Leseni ni ya jana, wifi," Wegesa akamjibu. "Leo niivunjie sheria?"

"Basi nitasema. Mimi gari silijui. Kiingereza sikijui. Nilikaa tu. Lakini neno lako, wifi, lilikuwa usukani, halikuwa kitabu wala barabara. Nani alikuweka mbele ya usukani mara ya kwanza? Viza yangu inakwisha mwezi huu. Mama yetu ataniuliza kaburi la mwanawe likoje, nami nitamwambia nini? Ningeweza kupelekwa na watu wakati wa kiangazi. Nilisema sitamtangulia mke wa kaka. Nimengoja mwaka mzima kwa ajili yako."

Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Najua nilichokuambia siku niliyofika. Labda kwa neno lile sistahili hata kuomba."

Mzee Wilondja akamtazama Wegesa kwa huruma. "Mama, kama ni vigumu, nenda peke yako. Hakuna atakayekasirika."

"Atapita peke yake pale aliposimama kaka?" Ghati akauliza. "Wewe mwenyewe umesema mikono inaganda."

Wegesa aliwatazama mmoja mmoja. Mmoja alimfikisha kitini, mmoja kwenye karatasi, mmoja barabarani, na ukimwondoa yeyote kati yao, mjane yule angekuwa bado anatazama dirishani. Alitamani aulizwe Nyamhanga, lakini kwa Nyamhanga ndiko kulikokuwa kunakwendwa. Aliomba moyoni, Bwana, sema Wewe. Upepo ukazidi. Upande wa magharibi mbingu ilikuwa imeanza kuwa nyeupe.

Saa saba na nusu ikafika. Wegesa akazunguka kwenda mlango wa kushoto, akaingia, akafunga mkanda. Akanyoosha mkono, akaufungua mlango wa pili kutoka ndani. Hakutaja jina.

Sasa nyinyi mnaonisikiliza, msiniambie wote watatu, maana kiti ni kimoja. Wala msiniambie kesho, maana theluji inakuja leo. Mjane amekwisha kuwasha gari, na mlango uko wazi.

Mwambieni: nani apande?